Kuchimbua mambo ya kale shambani kabla ya barabara

Mkaazi wa Mtwapa: Assalaam aleikum. Barabara itapita pembezoni mwa shamba letu, na tumeambiwa kwamba wataalamu wa mambo ya kale watachimba kwanza. Je, watapata nini katika ardhi iliyolimwa mihogo miaka yote?

Mwalimu, Likoni: Waaleikum salaam. Jembe huvuruga tabaka la juu tu. Chini yake huenda vikabaki vigae vya vyungu, mkaa wa mekoni na misingi ya mawe ya matumbawe, kama ile ya Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale jirani yenu. Wataalamu hupita kwanza wakiokota vilivyo juu, kisha huchimba mashimo madogo ya majaribio, huchekecha udongo na kuandika kina cha kila kitu, kwa kuwa kigae kisichojulikana tabaka lake hakisemi mengi.

Msomaji, Kisauni: Naongeza kwamba Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aijulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, na hilo, kwa maoni yangu, wengi wa madereva wa tingatinga hawajaambiwa.

Mkaazi wa Mtwapa: Ahsanteni. Kuna makaburi ya wazee upande wa bahari. Nitawaonyesha kabla hawajaanza.