Tupeane uzoefu: Kwa nini programu mbili husoma joto la prosesa tofauti kwenye kompyuta ileile?

Ndugu zangu, salaam. Swali ambalo wateja huniletea mezani mara nyingi ni hili: wamefungua programu mbili za kupima joto kwenye kompyuta moja, kwa wakati mmoja, na namba zinapishana kwa nyuzijoto kumi au hata ishirini, sasa waiamini ipi? Naomba tupeane uzoefu, na kila atakayechangia ataje aina ya prosesa, jina la sensa kama programu ilivyoliandika, na kazi ambayo mashine ilikuwa ikifanya, kwa sababu namba isiyo na hayo matatu haimsaidii mtu.

Nianze mimi. Ofisi moja iliniletea deskitopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel, Core 2 Duo E8400. Programu ya Core Temp ya toleo la zamani ilisoma 45, na RealTemp ya enzi hizohizo ikasoma 35. Nilipoipa mashine kazi nzito zote mbili zilipanda pamoja, na pengo likabaki kumi kamili. Pengo lisilotikisika namna hiyo linatokana na hesabu. Sensa iliyo ndani ya prosesa za Intel haiandiki joto lenyewe. Huandika ni nyuzi ngapi zimebaki kufikia kikomo kiitwacho TjMax, kisha programu ndiyo hutoa namba hiyo kwenye kikomo ili kupata joto. Sensa ile ilisema zimebaki 60: programu iliyochukua kikomo kuwa 105 ikapata 45, na iliyochukua 95 ikapata 35. Prosesa za kizazi kile cha deskitopu hazikuwa na mahali ambapo programu ingesoma kikomo, hivyo watunzi walilazimika kukadiria, mpaka Intel ilipotangaza mwaka 2008 kwamba kikomo cha E8400 ni 100. Kuanzia Nehalem, kizazi kilichotoka mwishoni mwa mwaka huo, kikomo kimeandikwa ndani ya prosesa yenyewe. Niongeze kwamba sensa hizo zimekusudiwa kuwa sahihi zaidi karibu na kikomo, ambako ulinzi unahitajika. Prosesa ikipoa usahihi hupungua, na baadhi ya sensa za familia ile hugota kwenye namba moja zisishuke tena hata feni ipulize vipi.

Mchangiaji wa Dodoma, mhariri wa video

Fundi, ahsante kwa kuanzisha. Mimi natumia prosesa ya AMD, Ryzen 7 1700X. Programu moja iliandika 62 na nyingine 42 wakati mashine imetulia kabisa, na feni ilikuwa ikivuma kana kwamba natoa video. Nilikuwa karibu kununua hitisinki (kipoozeo kinachokaa juu ya prosesa) kubwa zaidi, ndipo nikasoma maelezo ambayo AMD iliyatoa Machi 2017: prosesa za 1700X na 1800X hutoa namba iitwayo Tctl, ambayo imeongezewa nyuzi 20 makusudi juu ya joto halisi la kipande cha silikoni, yaani Tdie, ili utaratibu wa kuendesha feni ulingane katika prosesa zote za familia hiyo. Ile 1700 isiyo na X haina nyongeza. 2700X iliyofuata ina nyuzi 10. Programu inayojua nyongeza huiondoa, na isiyojua hukuonyesha namba ya feni ukadhani ndiyo joto. Ninapotumia Linux, Tctl na Tdie huandikwa kila moja kwenye mstari wake, na huo ndio uungwana ambao ningependa kuuona katika kila programu.

Mchangiaji wa Mombasa, fundi

Nami niseme kuhusu mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Ukiona mistari kama CPUTIN au AUXTIN, hiyo inatoka kwenye chipu ya mazabodi, kwa kawaida ya Nuvoton au ITE, wala si ndani ya viini vya prosesa. Mguu wa chipu usiounganishwa na sensa yoyote huonyesha namba ya ajabu, na 127 isiyobadilika ni mojawapo. Mteja wangu mmoja alizima mashine kwa hofu kwa sababu yake. Tena msifungue programu mbili za namna hiyo kwa pamoja, kwani zikiiuliza chipu ileile bila kupishana zamu, moja inaweza kupewa jibu lililokusudiwa kwa nyingine.

Mchangiaji wa Arusha

Kaka fundi, mimi napata 52 nikiwa kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijawaka, ilhali nikishaingia Windows bila kufungua chochote nakuta 38. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha nane. Je, nibadilishe pesti inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Arusha, hapana, usiivue hitisinki kwa sababu hiyo. Mara nyingi kwenye BIOS prosesa haipewi nafasi ya kulaza viini vyake kama Windows inavyofanya, kwa hiyo inakula umeme zaidi ingawa wewe huoni kazi yoyote. Hata ndani ya Windows, muda wa kusoma una athari: programu ya kupima joto ya HWiNFO kwa kawaida husoma kila baada ya sekunde mbili, na joto la kiini kimoja linaweza kuruka na kushuka katikati ya hapo bila kuonekana, au likanaswa kileleni na programu moja huku nyingine ikilikosa. Ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa, kisha tazama katika HWiNFO mstari unaosema kama viini vinapunguzwa kasi kwa sababu ya joto. Ukiandikwa «Yes» wakati wa kazi hiyo, safisha vumbi na ubadilishe pesti. Ukibaki «No», tuandikie namba ya CPU Package (joto la prosesa nzima) uliyoiona na joto la chumba chako, tuilinganishe na za wengine wenye prosesa kama yako.