Tume ya ukweli na mahakama kwa wakati mmoja: Sierra Leone walikwama wapi?

Barabara ya Nane
Wakuu, Jumamosi tuna mdahalo hapa Ngamiani, Tanga, kuhusu haki baada ya vita. Upande wa pili wanashikilia kwamba tume ya ukweli na mahakama zikianza pamoja zinasaidiana, na mfano wao ni Sierra Leone. Ni kweli? Na waathirika waliambulia nini?

Mwana Raskazone
Mkuu, hawajakosea kabisa, ila mpangilio ndio uliowaponza. Mkataba wa amani wa Lomé wa Julai 1999, kati ya serikali ya Sierra Leone na waasi wa RUF, uliwasamehe wapiganaji wote na kuahidi tume ya ukweli. Umoja wa Mataifa ukaweka angalizo: msamaha huo hauhusu uhalifu wa kivita wala uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, iliyoundwa na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa, ilipitia mlango huohuo.

Mwaka 2002 vyombo vyote viwili vikaanza kazi, bila makubaliano ya maandishi juu ya maelezo ya mashahidi. Mwendesha mashtaka alitamka kwamba hatatumia yaliyosemwa kwenye tume. Lakini tamko la mdomo halimtoi hofu aliyeshika bunduki, na wengi walikaa mbali. Mwaka 2003 mambo yakaiva: Sam Hinga Norman, kiongozi wa wanamgambo waliopigana upande wa serikali, akiwa mahabusu wa mahakama hiyo, aliomba kuzungumza hadharani mbele ya tume, mahakama ikamruhusu kwa maandishi tu.

Tena walioshtakiwa ni 13, wale wenye dhima kubwa zaidi. Aliyekukata mkono kijijini hayumo humo. Kwake ilibaki tume peke yake, ndiyo maana kuitia woga lilikuwa kosa kubwa.

Chumbageni
Kwenye fidia ndiko kunakouma. Lomé iliahidi mfuko wa waathirika. Wapiganaji zaidi ya 70,000 walisalimisha silaha na mpango wa kuwarudisha uraiani ukafungwa mapema 2004. Ripoti ya tume ikatoka 2004, na malipo ya waathirika yakaanza baada ya 2008, kwa dola milioni 3 za Umoja wa Mataifa. Waliokatwa viungo, waliobakwa, wajane: wengi walianza na dola 100 hivi.

Barabara ya Nane
Shukrani, wakuu. Wakinitajia Sudan Kusini?

Mwana Raskazone
Sura ya 5 ya mkataba wao wa amani wa 2018 ina tume, mahakama mseto (majaji wa Sudan Kusini na wa nchi nyingine za Afrika) na mamlaka ya fidia. Waulize mawili: maelezo ya tume yanalindwa na kifungu gani, na fedha za fidia zinatoka wapi kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa.