Fundi kasema kompresa ya AC imekufa, boksi la nje linanguruma tu. Ninunue au napigwa?

MamaPacha_Kimara

Habari za usiku wakuu, poleni na joto. Nina AC ya kawaida sio inveta (zile kompresa yake inabadilisha spidi), BTU 12000, inaenda mwaka wa sita sasa. Toka juzi ya ndani inapuliza upepo vizuri ila baridi hamna, nikitoka nje nakuta boksi la nje linanguruma mmmmm kama sekunde kumi hivi halafu tak, linanyamaza, dakika chache tena linaanza upya. Feni yake inazunguka kama kawaida. Fundi kaja leo jioni, kaweka mkono juu ya boksi kasikilizia kidogo, kasema dada hii kompresa imeshakufa, anataka laki nne na nusu ya kompresa na ufundi elfu themanini, gesi juu yangu. Hajafungua hata skrubu moja!! Ndo maana nimesita. Naombeni mnisaidie, spea za boksi la nje ni zipi na nikienda dukani niseme nataka nini, maana naogopa nitauziwa chochote. Watoto hawalali jamani, Februari hii imekuja na hasira.

Kijana wa Tabata

Hajafungua skrubu na kashajua kompresa imekufa? Huyo sio fundi, huyo ni mganga 😂

fundi_baridi

Dada usitoe hela kwanza. Kompresa iliyoungua mara nyingi ukiwasha tu breka inashuka palepale, au iko kimya kabisa. Hiyo yako inataka kuamka inashindwa, umeme unaingia ila msukumo wa kuanzia haupati, inapata moto halafu kinga yake inakata, ndo hiyo tak unayoisikia. Mtuhumiwa wa kwanza hapo ni kapasta, kile kimkebe kinachoipa kompresa huo msukumo. Inaweza ikawa kompresa imejam kweli, sikatai, ila huwezi kuanza na laki nne na nusu wakati kuna kitu cha elfu kumi na kitu hakijapimwa.

Boksi la nje lisikutishe, vitu vya kununua humo havizidi vidole vya mkono mmoja na nusu. Kuna kompresa, lile pipa jeusi. Kuna mota ya feni na panga lake. Kuna kapasta kubwa ya kompresa, mkebe wa alumini, na kapasta ndogo ya feni, mara nyingi ni kiboksi cheusi. Baadhi zina kontakta, swichi inayovutwa kwa umeme kuwasha kompresa. Halafu koili, ile yenye mapezi ya alumini nyuma. Kwenye inveta kuna bodi badala ya hiyo kapasta ya kompresa na hapo ni stori nyingine kabisa, bodi unaitafuta kwa namba yake na ukikosea umeliwa.

Sasa fanya hivi, au tafuta mtu anayejua umeme akufanyie. Zima breka ya AC, sio rimoti, BREKA. Toa kifuniko cha pembeni zilipo waya. Piga picha waya zote kabla hujagusa kitu, hii watu wanaidharau halafu wanakuja kulia. Kapasta inatunza umeme hata ukiwa umezima, kwa hiyo usiishike kwenye meno yake, mimi nafyonza umeme wake kwa balbu ya zamani ya waya niliyoifunga kwenye holda. Halafu soma ubavuni, kuna namba mbili tu zinazokuhusu, ya mikrofaradi na ya volti. Ya BTU 12000 mara nyingi utakuta kwenye 30 au 35 na volti 450. Nitumie picha.

MamaPacha_Kimara

Asante sana kaka. Mdogo wangu anasoma umeme VETA, kaja leo na mita yake. Kufungua tu hata kupima haikuhitajika, kichwa cha kapasta kimeumuka kama andazi na pembeni kuna kimafuta kimevuja. Imeandikwa 35 volti 450, mita inasema 19! Nikapanda mwendokasi mpaka Gerezani, nikaingia Kariakoo, nimezunguka na hicho kimkebe mkononi kama naulizia mtoto aliyepotea. Duka la kwanza kijana kanambia 35 imeisha chukua 50, itawaka kwa nguvu zaidi. Duka la pili kanipa 35 ila ina vituo vitatu juu vimeandikwa C, HERM na FAN, yangu ilikuwa na viwili tu. Sijanunua popote nimerudi zangu. Ipi sahihi?

fundi_baridi

Umefanya la maana sana kwenda nayo mkononi. Hata mimi wa miaka yote hii huwa naenda na spea mbovu mfukoni, kuelezea kwa mdomo dukani ndo mwanzo wa kupigwa.

Ya 50 achana nayo. Kapasta sio betri useme kubwa ndo nguvu zaidi, ukizidisha unapitisha umeme mwingi kwenye waya za kuanzia na hapo sasa ndo utaiunguza kompresa kweli, fundi wako wa juzi aonekane nabii. Kawaida inaruhusiwa kupishana asilimia 5 hivi, kwa 35 ni kuanzia 33 na ushee mpaka 36 na ushee. Volti ni tofauti kidogo, isishuke chini ya iliyoandikwa, ikizidi haina shida.

Yenye vituo vitatu ni kapasta mbili ndani ya mkebe mmoja, HERM ni ya kompresa, FAN ni ya feni, C wanachangia. Ingefanya kazi ukitumia C na HERM tu kama HERM yenyewe ni 35, ila ya nini kujipa kazi, tafuta ya viwili. Na ukiipata mwambie muuzaji aipime mbele yako kabla ya kulipa, famba zimejaa, unakuta imeandikwa 35 inasoma 24 ikiwa mpya kwenye pakti. Muuzaji anayekataa kupima umeshamjua.

Mzee wa Kigamboni

Binti, ukishapona kwenye kapasta angalia na feni, hasa sisi wa karibu na bahari. Kwangu huku chumvi imekula mapezi ya koili mpaka ukiyagusa yanamong'onyoka kama unga. Mwaka juzi mota ya feni ilikufa, fundi kaleta nyingine inafanana sura na umbo, kafunga, kaondoka na hela yake. AC inapoa robo saa halafu inakata. Nimehangaika wiki mbili, naongeza gesi, nasafisha, wapi. Siku moja mjukuu wangu alikuwa ananing'iniza mfuko wa rambo mbele ya boksi anacheza, nikaona mfuko unavutwa NDANI badala ya kupeperushwa nje. Kumbe mota inazunguka kinyume! Boksi linatakiwa livute hewa kupitia kwenye koili liitupe mbele, langu lilikuwa linafanya kinyume, joto linabaki palepale.

Kwa hiyo mota ya feni usiangalie sura. Angalia upande inaozunguka, unene wa ile shafti ya panga, spidi ya mizunguko kwa dakika, na kapasta iliyoandikwa kwenye mota mpya yenyewe, sio kubakiza ya mota ya zamani. Na kama panga halijavunjika bakiza la kwako.

MamaPacha_Kimara

Shikamoo mzee wangu, huo mfuko wa rambo nimeucheka ila nimeuelewa, kesho nautundika na mimi.

Mzee wa Kigamboni

Marahaba binti.

dogo_mitumba

Nadandia uzi. Kwa mtu ambaye kompresa yake imekufa KWELI, kuna zile za mtumba zilizotolewa kwenye AC za nje ya nchi, bei chee. Zinafaa?

fundi_baridi

Kwanza hakikisha imekufa, na uipime ikiwa imepoa. Ina vituo vitatu, C ya pamoja, S ya kuanzia na R ya kuendelea kuzunguka. Pima C kwenda R, utapata omu ndogo, C kwenda S kubwa kidogo, S kwenda R inakuwa jumla ya hizo mbili. Mfano 2 na nusu, 4, 6 na nusu. Ukigusa kituo chochote na bomba la shaba mita isisome kitu, ikisoma imeungua hiyo. Sasa kuna mtego, nyingi zina kinga ya joto ndani, zikiwa za moto C haisomi na kitu chochote ila S na R zinasomana vizuri. Fundi mwenye haraka anatangaza msiba hapo. Iache ipoe hata saa mbili, upime tena. Kompresa ngapi zimezikwa zikiwa hai mjini hapa.

Mtumba soma kibati. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Vya Marekani au Saudia vinakuja na hezi 60, achana navyo. Kontakta nazo, za AC za Marekani mara nyingi koili yake (ya waya humo ndani, sio ile ya mapezi) ni ya volti 24, ukiibandikia 230 inatoa moshi papo hapo. Halafu gesi. R22, R410A na R32 ni aina za gesi ya AC. Kompresa ya R22 huiweki kwenye mfumo wa R410A, presha ya R410A ni kama mara moja na nusu na zaidi, na oili zake hazipatani. R32 nayo inashika moto kiasi, sio ya kuchezea na moto wa kuchomelea wakati gesi bado imo. Na kama AC yako ni ya R22 usiweke hela nyingi humo, kwa Itifaki ya Montreal, ile ya kulinda tabaka la ozoni, nchi kama zetu zinaibana mpaka 2030, kinachobaki baada ya hapo ni kidogo cha matengenezo tu.

MamaPacha_Kimara

Wakuu mrejesho. Nimepata 35 ya viwili, elfu kumi na tano, kaipima mbele yangu ikasoma 34.6. Mdogo wangu kafunga kwa kufuata picha, kawasha breka, imenguruma mara moja ikakaa sawa, sasa hivi nimeweka 24 na pacha mmoja anaomba shuka. Yule fundi kapiga simu mara tatu anauliza kama aje na kompresa, sijapokea bado.

Neema wa Sinza

Hongera dada. Na mimi yangu inadondosha maji ukutani chumbani, nayo ni kapasta?

fundi_baridi

Hapana, hicho ni kibomba cha maji cha ya ndani kimeziba au kimepanda juu badala ya kushuka. Fungua uzi wako tuje huko, weka na picha.