Demani hii Malindi: nishushe boti sasa au ningoje kaskazi ishike?

Mfua Maji
Salaam aleikum wavuvi. Nimerudi nyumbani Malindi baada ya miaka tisa Doha, na ami kaniachia boti yake ya faiba, futi 22, mashine ya nguvu za farasi 15. Utotoni nilikuwa nikimfuata kwenye dau la tanga, lakini kazi yangu ilikuwa kufua maji, kuyachota chomboni, na kutapika, basi.

Sasa ni mwanzo wa Oktoba. Asubuhi bahari imelala, adhuhuri inaamka na hasira. Vijana wawili ninaotoka nao wanavutana: mmoja asema demani, majira haya kati ya kusi na kaskazi, ndiyo hii, twende, mwenzake asema tungoje kaskazi, upepo wa kaskazini, ishike Desemba. Petroli nayo si maji ya kisima. Nimetoka mara mbili kuelekea Mambrui, nikarudi na changu watatu na fumi mmoja, kambale wa bahari, aliyenidunga kidole mpaka leo kimevimba. Wenyewe mwaniambiaje?

Nahodha Mstaafu
Waaleikum salaam mwanangu, pole na kidole. Huyo fumi kashakujibu nusu ya swali. Ulikuwa kwenye matope, na penye fumi usimtafute nguru.

Hapa Malindi usiulize mwezi, uliza Sabaki umeamkaje. Mto ule bara huko unaitwa Athi, ukishapita Tsavo ni Galana, ukitufikia ni Sabaki, na udongo wote ulioulamba njiani unakuja kuutapika hapa kati ya mji na Mambrui. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma, matope husukumwa juu, Mambrui mpaka Ngomeni, na sisi wa mjini tunapumua. Kaskazi ikishika yanageuka, yanatuingilia ghubani. Demani iko katikati, haijui imfuate nani. Tena vuli ikinyesha Ukambani, hata kama Malindi halijadondoka tone, siku chache baadaye utaona bahari imekuwa chai ya maziwa.

Mimi nilikuwa na sahani ya bati, nyeupe, nimeitoboa matundu matatu ukingoni nikaifunga mshipi na chubwi la kuizamisha. Naishusha pole pole nahesabu pima, mikono miwili iliyonyooshwa. Ikipotea kabla ya pima mbili, washa mashine tuondoke. Ikifika pima tano na bado naiona, ndoana zishuke. Mama watoto aliitafuta sahani ile jikoni mwaka mzima.

Lakini penye riziki hasa ni mpakani. Maji mekundu na maji ya buluu hayachanganyiki upesi, yanakaa kama kanga mbili zilizoshonwa, na kwenye mshono kuna povu, majani, vijiti. Samaki wadogo hujificha upande wa matope, wakubwa wanawavizia upande wa buluu. Rambaza, buruta mishipi nyuma ya boti, sambamba na mshono, usiukate kati. Nguru, kolekole, mzia, na Novemba ikiingia sulisuli wenyewe.

Ila chunga magogo. Demani moja, kwa tamaa, nilitega jarife, wavu mkubwa, usiku karibu na mlango wa mto. Alfajiri tunavuta, zito, vijana wanashangilia. Kumbe mwembe mzima, mizizi kwa matawi, na kiota cha mnana bado kinaning'inia. Tulikata nusu ya jarife tukauachia mwembe. Sasa fikiria rafadha yako, pangaboi la mashine, ikikutana na kitu kama hicho, na ami hajamaliza hata kukuaga.

Upepo: toka na umande, upepo wa nchi kavu, alfajiri, saa tano uwe umegeuza. Kusi ya demani huaga, ikarudi kuchukua viatu. Na kama unavua chini kwa mshipi, subiri maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, hapa maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, mkondo unakimbia, chubwi haliketi.

Kwa leo elekea Mayungu, kusini mwa mji, nje ya mwamba. Njiani usithubutu kutupa ndoana ndani ya hifadhi ya bahari, hapo hapavuliwi tangu 1968.

Mama Karanga wa Sokoni
Na upande wa kikaango nao tuusikilize. Mfua Maji, Desemba kila mtu ana jodari, bei inaanguka na nyinyi mnaanza kutununia sisi. Sasa hivi samaki ni haba, hata tafi wa kiganja nawachukua wote. Ila beba barafu! Boti nyingine zinafika saa nane na samaki macho yamekuwa meupe, halafu mtu ananiambia "ni wa leo". Wa leo ndiyo, jua pia ni la leo.

Na kapime kwa mizani unayoiamini. Kuna mnunuzi mmoja, simtaji, mshale wa mizani yake unaanzia chini ya sifuri. Mume wangu aliuzia pale miezi mitatu kabla hatujagundua.

Mkizingitini
Huku Lamu msimfuate Nahodha neno kwa neno, sisi Sabaki hatuujui. Wazamiaji wa kamba mawe wa Kizingitini bado wamekaa barazani wakisubiri kaskazi isafishe maji, maana kamba humpati kwa kupapasa. Shida yetu sasa ni pale mlangoni Shela: maji yakitoka huku upepo unaingia, mawimbi yanasimama wima. Kwa boti ya futi 22 ngoja maji yajae. Na Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, pia ni hivyo hivyo, maji yakiwa kidogo utalala humo na mbu.

Mfua Maji
Nimerudi na habari. Jumatano tulitoka na umande, tukaukuta mshono nje kidogo ya Mayungu, kama alivyosema Nahodha, povu na majani na kandambili moja ya mtoto. Tumerambaza mpaka saa nne: nguru wawili na kolekole mmoja aliyetaka kuondoka na mkono wa kijana. Mama Karanga, barafu ilikuwepo.

Ila Nahodha, kile kipimo cha sahani kilinishinda. Sahani yangu ni ya plastiki, niliifunga mshipi nikaitupa, ikaelea tu ubavuni mwa boti. Wale vijana walicheka mpaka wakakaa chini.

Nahodha Mstaafu
Chubwi, mwanangu. Nilisema na chubwi.