Mrejesho: Mabaki ya hopsi kuziba koki ya sufuria ya kupikia bia

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuzuia mabaki ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) yasizibe koki ya sufuria yangu ya lita 40 ninapopika bia nyumbani hapa Moshi, nami nawashukuru kwa dhati mlionijibu. Kama mlivyonishauri, nilizima moto, nikakoroga kwa mwiko mrefu kuelekea upande mmoja hadi maji ya kimea yakazunguka yenyewe, nikafunika na kuacha dakika 20 bila kuigusa sufuria, na mashapo yakajikusanya katikati kama kichuguu, jambo lililonifurahisha mno. Hata hivyo, nilipoifungua koki yote kuelekea mwisho, kichuguu kiliporomoka na lita 2 zikachafuka. Mara ya pili niliifungua kidogo tu, na haikuziba. Ushauri wa baadhi yenu wa kununua pampu sijaufuata.