Naomba ushauri: nisaini mkataba wa mchapishaji au nichapishe mwenyewe?

Habari zenu wanajumuiya. Nimekwama, naombeni mnisaidie kufikiri.

Nina mswada wa riwaya, maneno kama 70,000 hivi, ambao nimeuhangaikia miaka 4. Niliupeleka kwa wachapishaji watatu. Mmoja aliukataa, mwingine yuko kimya hadi leo, wa tatu amenitumia mkataba: mrabaha (fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa) wa asilimia 10, uhariri na jalada juu yake, mimi sitoi hata senti. Nilifurahi, nikataka kusaini siku hiyo hiyo.

Kilichonizuia ni vifungu viwili. Hiyo asilimia 10 inahesabiwa kwenye mapato halisi, yaani baada ya punguzo la wauza vitabu, si kwenye bei ya jaladani. Halafu anataka haki zote, pamoja na tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu, kwa muda wote wa hakimiliki. Kitabu kikiisha madukani naye asikichape tena, mimi siwezi kukigusa! Nimemwomba abadilishe, kanijibu kwamba huo ndio mkataba wa waandishi wake wote.

Kuchapisha mwenyewe kwa mtindo wa nakala kuchapwa ikishaagizwa naona kunawezekana. Ila mhariri nitamlipa mimi, na kuuza, kusema kweli, si kipaji changu.

Kwa mliowahi kusaini: mlifanyaje hadi kifungu cha kurudishiwa haki kikaingia? Na mliochapisha wenyewe, gharama ya uhariri ilirudi mlipouza nakala ngapi?

Natanguliza shukrani.