Familia ya Babu – Mufindi

Mama Neema: Kamweneee. Mvua zimekata, nyasi zikishakauka ni moto. Leo tupange bei ya kufyeka kwa mashine, Fredi aanze Jumatatu.

Mama Neema: Nimepiga hesabu naye. Eka moja, hatua 70 kwa 70, inakula lita nne za petroli, bado oili ya kuchanganya, maana mashine ile ukiitilia petroli tupu inakufa. Bado na siku nzima ya mtu. Nasema 40,000.

Mama Neema: Mmesoma, naona. Jibuni basi jamani.

Baba Mdogo: 40 nyingi. Wa fyekeo la mkono huku anachukua 30.

Fredi: Shikamoo baba mdogo. Wa fyekeo hanunui diski ya kukatia ikigonga jiwe. Na mafuta nayapandisha kwa boda kutoka Mafinga.

Shangazi Iringa: Hatua 70 kwa 70 za nani? Fredi akilipwa kwa eka miguu inakuwa mifupi 😂

Rehema: 😂😂 apime twiga

Mama Neema: Tutapima kwa tepu, mita 64 kwa 64. Turudi kwenye bei.

Baba Mdogo: Na miche yangu ya misindano? Ilifyekwa pamoja na nyasi. Mpaka leo nimepewa pole tu.

Fredi: Nyasi zilinifika kiunoni baba mdogo, miche haikuwa na alama.

Mama Neema: Hilo lina kikao chake.

Baba Mdogo: Kikao kipi? Kule msibani si mlininyamazisha?

Baba Mkubwa: Kamwene wanangu. Miche irudishwe mvua za Desemba. Natoa mimi, Fredi apande. Kuanzia sasa mwenye shamba asimike kijiti penye kila mche kabla mashine haijaingia. 40 iwe ya tambarare. Shamba la Mama Tumaini halina bei, lifyekwe la kwanza. Moto wa mwaka ule ulianzia wapi mnajua.

Rehema: Shikamoo baba mkubwa. Sawa.

Baba Mdogo: Nimesikia kaka.

Mama Neema: Asante baba mkubwa. Kila mmoja amtumie Fredi nusu kabla ya Ijumaa, ni ya mafuta. Mlimani tuseme 50?

Mama Neema: Kimya tena?

Joni: Ndo napata mtandao. Shilingi ngapi sasa? Na barabara ya kuzuia moto ni kwa eka au kwa mita?

Mama Neema: Soma juu Joni.

Baba Mdogo: Joni kauliza la maana.

Fredi: Naomba iwe kwa mita. Ni nyembamba lakini inazunguka shamba lote, na pale natakiwa kukwangua mpaka udongo uonekane.

Mama Neema: Nitampigia baba mkubwa asubuhi. Nani katuma? Naona Shangazi tu.